Mdai Asiyetajwa

Songo Songo maiti haiingii kaburini kabla madeni hayajaulizwa. Jeneza likishatuliwa, safu zikiwa bado hazijapangwa kwa sala, imamu au mmoja wa wafiwa husimama na kusema maneno machache: anayemdai marehemu awaone wanawe, na aliyekosewa naye amsamehe. Desturi hiyo si ya kisiwa kimoja. Iko Kilwa yote, iko Mafia na Unguja na kila penye Waislamu. Lakini mimi ni Mkristo wa bara niliyefika Songo Songo kwa ajili ya kazi, na ni huko nilikoanza kuisikiliza kwa makini.

Kisiwa chenyewe ni kidogo. Kiko baharini upande wa kaskazini wa Kilwa Kivinje, kimezungukwa na miamba na visiwa vingine kama Fanjove, Nyuni na Okuza. Watanzania wengi wanakijua kwa gesi tu, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, ikisafiri kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga, kisha nchi kavu mpaka Dar es Salaam. Gesi ndiyo iliyotuleta watu wa bara. Wenyeji ni wavuvi, na penye wavuvi hakosekani anayemdai mwenzake: mafuta ya mashine, nyavu, zamu ya chombo, kauli iliyotoka vibaya wakati wa kugawana samaki.

Nakumbuka msiba wa mvuvi mmoja mtu mzima. Tangazo lilipotolewa, mzee aliyekaa nyuma, kanzu yake imechakaa mabegani, aliinua mkono. Akasema marehemu alichukua kwake wavu wa jarife, wakapatana alipe kidogo kidogo kila bamvua, na kwamba alilipa kwa uaminifu hadi maradhi yalipomlaza. Akataja kiasi kilichobaki. Mtoto mkubwa wa marehemu akajibu papo hapo, "Babu, tutalilipa." Mzee akatikisa kichwa. "Nimemwachia, mjukuu wangu. Nimelitaja ili mlijue." Kisha wakapanga safu, wakasali.

Mzee yule angeweza kunyamaza akasamehe moyoni, na wengi wangemwona mcha Mungu zaidi. Aliona afadhali deni lisikike kwanza, lijulikane ni la nini na ni kiasi gani, ndipo liachiliwe. Nami nilirudi kwangu nikijiuliza mbona katika mazishi yetu, ambako wasifu wa marehemu husomwa na mchungaji akahubiri neema kwa nusu saa nzima, mdai hasimami.

Si kwamba Maandiko yetu hayalijui jambo hilo. Sura ya 6 ya Walawi inamzungumzia mtu aliyemdhulumu jirani yake: aliyekana amana, aliyenyang'anya, aliyeokota kitu akaapa kwamba hakukiona. Sheria inamwagiza akirudishe kitu chenyewe, aongeze juu yake sehemu ya tano, ampe mwenyewe siku ileile anayoleta sadaka yake ya hatia. Mwenye mali anatajwa kwanza. Kondoo dume na kuhani wanafuata. Yesu, katika hotuba ya mlimani, aliisukuma sheria hiyo mbele zaidi. Mtu amekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, ndipo anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache sadaka hapohapo, aende. Kila nisomapo mahali hapo huwa najikumbusha kwamba ndugu huyo si yule aliyenikosea mimi. Ni yule niliyemkosea. Ibada imesimama kwa ajili yake.

Halafu theolojia ikaja na hesabu zake. Mnamo mwaka 1098 Anselmo, askofu mkuu wa Canterbury, alimaliza kitabu juu ya sababu ya Mungu kufanyika mtu, na hoja yake inahubiriwa hata na wasiowahi kulisikia jina lake. Dhambi ni kumnyima Mungu heshima yake, kwa hiyo ni deni. Mwanadamu ndiye anayepaswa kulipa, lakini hana uwezo. Mungu ana uwezo, lakini hadaiwi. Basi akaja aliye Mungu na mtu kwa pamoja, akalipa. Karne iliyopita askofu wa Uswidi, Gustaf Aulén, aliyafufua mafundisho ya kale zaidi, ya Kristo anayeshuka kupambana na dhambi, mauti na Shetani mpaka anatutoa mikononi mwao. Mafundisho yote mawili nayapenda, na hayo ya pili nayaona yako karibu zaidi na jinsi makanisa yetu yanavyoimba usiku wa Pasaka. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba msalabani kilifanyika kitu ambacho mwanadamu asingeweza kukifanya. Kama nisingeamini hivyo, yanayofuata yasingenisumbua hata kidogo.

Kinachonisumbua ni kwamba katika hesabu ya Anselmo mdai ni mmoja tu, naye ni Mungu. Jirani ametoweka. Hata Daudi, katika zaburi yake ya toba, anamwambia Mungu kwamba amemkosea yeye peke yake, wakati Uria yuko chini ya udongo na mjane wake yuko ndani ya nyumba ya mfalme. Najua wafafanuzi wanavyoeleza: kila dhambi, mwisho wake, ni dhidi ya Mungu. Ni kweli, na bado Uria ana haki ya kutajwa. Mathayo, alipouandika ukoo wa Yesu, alimtaja. Alipofika kwa mama yake Sulemani hakumwita Bathsheba. Alimwita aliyekuwa mke wa Uria. Mdai ameandikwa ndani ya ukoo wa Mwokozi mwenyewe, na hakuna karne iliyomfuta.

Waraka kwa Waebrania unamwita Yesu mdhamini. Jirani zangu wa Songo Songo nao wana kisa cha udhamini walichonihadithia tukiwa msibani. Mtume Muhammad aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni. Akauliza kama ameacha cha kulilipia, na alipoambiwa hakuna, akawaambia masahaba wamsalie wenyewe. Ndipo Abu Qatada akasema deni lile liwe juu yake, na Mtume akamsalia. Niliposikia hivyo, mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa Paulo akimwandikia Filemoni habari za mtumwa wake Onesimo, akisema lolote analodaiwa kijana yule aandikiwe yeye Paulo. Watu wawili, dini mbili, na tendo lilelile. Mdhamini humlipa mdai. Hamfichi, wala hasemi kwamba deni halikuwapo. Kwa kweli anapojitokeza mdhamini ndipo jina la mdai linapohitajika zaidi, maana sasa yupo wa kumlipa.

Hivyo ndivyo ninavyouelewa msalaba siku hizi, na kwa sababu hiyo methali yetu ya kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, imeanza kunikwaza inapotoka mimbarani. Ina mahali pake kwa watu waliokwisha kupatana. Kwa mtu anayetaka kumruka aliyemjeruhi ni kichaka cha kujifichia. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1930, walilijua hilo. Aliyeokoka alisimama mbele ya wenzake akatubu, kisha akaanza kurudisha vya watu. Wapo waliowacheka. Mimi naona walimsoma Zakayo, aliyeahidi kurudisha alichonyang'anya, kama alivyoandikwa.

Songo Songo yenyewe ina swali gumu zaidi, kwa sababu liko chini ya maji. Kwa miaka mingi pwani ya Kilwa iliteswa na uvuvi wa baruti. Sheria iliukataza tangu mwaka 1970, lakini milipuko iliendelea kusikika. Chupa yenye baruti na utambi hutupwa penye kundi la samaki. Wanaoelea huokotwa, wengine wengi huzama wakaoza, na mwamba uliowalea unavunjika nao. Nimewahi kuzamia na miwani juu ya mwamba uliopigwa. Matumbawe yamekuwa kifusi, vipande vimelala ovyo vikiwa vimefunikwa na mwani wa kijivu, na kwa kuwa kifusi hicho kinasukwasukwa na mawimbi, tumbawe changa halipati pa kushika. Hatua chache pembeni, palipobaki salama, pono wanatafuna mwamba na ukitulia unasikia meno yao. Mwamba uliovunjwa huchukua miongo ya miaka kurudi, kama utarudi.

Sasa mvuvi aliyeacha baruti amwombe nani msamaha? Mungu, ndiyo. Serikali ina faini na jela zake. Lakini aliyedhulumiwa hasa ni mwanamke anayeshuka maji yakitoka kutafuta pweza, na mtoto wa mwanamke huyo ambaye labda hajazaliwa. Mdai wa namna hiyo hawezi kusimama msibani akainua mkono. Miaka ya karibuni wanakisiwa wamekuwa wakipatana kufunga baadhi ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na wanaoilinda ni wao wenyewe. Nilimwuliza mmoja wa walinzi hao, mtu ambaye maisha yake ya zamani yanajulikana kijiji kizima, mbona anakubali kukesha kwenye chombo bila faida ya maana. "Huu mwamba unanidai," akanijibu, akaendelea kusuka kamba ya nanga yake. Hajasoma Walawi, wala hana haja ya kusoma ili aelewe sehemu ya tano.

Kutoka hapo, ukivuka maji kuelekea kusini, unafika Kilwa Kivinje, na deni linakuwa kubwa kuliko mtu mmoja. Katikati ya karne ya 19 Kivinje ulikuwa mlango mkuu wa watumwa waliotolewa bara, kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Inakadiriwa kuwa miaka ya 1860 walipita hapo watu wapatao 20,000 kila mwaka kuelekea Unguja na kwingineko. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali soko lilipokuwa. Wanasimulia kwamba madhabahu yake iko pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyelijenga, ndiye pia aliyewaongoza mwaka 1876 watu waliokombolewa kutoka Unguja hadi Lindi, wakapanda bara hadi Masasi, wakaanzisha kijiji na kanisa. Walikuwa wanairudia kwa miguu njia walikoburutwa wengine.

Nimesimama mbele ya madhabahu ya Mkunazini na sikuweza kuomba kwa haraka. Naona kuna ukweli mkubwa katika kuiweka pale: damu ya Kristo haikumwagika mbali na damu ya watu. Lakini naona pia hatari. Madhabahu nzuri inaweza kumfanya anayeabudu aamini kwamba jambo limekwisha. Waliochapwa pale hawakuulizwa kama wamesamehe. Na nikimrudia Filemoni, namwona kwa jicho jingine kabisa. Paulo anajitolea kulipa deni la Onesimo kwa bwana wake, na hilo ni tendo la upendo, ila msomaji wa pwani hii hana budi kuuliza mshahara wa miaka yote ya utumwa nani alimlipa Onesimo. Waraka haujibu. Unamwambia tu Filemoni ampokee kama ndugu mpendwa, na nadhani Paulo alijua kwamba Filemoni akikubali neno hilo kwa dhati, hesabu nyingine zitamjia mwenyewe usiku.

Kivinje hiyohiyo kuna mahali panaitwa Mwembe Kinyonga, kwa sababu Wajerumani waliwanyongea watu pale. Miongoni mwao ni Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa Novemba 1895. Miaka kumi baadaye, katika milima ya Umatumbi nyuma ya pwani, watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, aliyekuwa akitoka pwani ya Kilwa kwenda Peramiho, aliuawa Mikukuyumbu pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Walikuja kuhubiri, na walikufa kwa makosa ya serikali ya Kijerumani. Kanisa linawakumbuka, na ni haki liwakumbuke.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vyakula na mashamba kwa makusudi, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio yanafika hadi 300,000. Tarehe 27 Februari 1906, Songea, walinyongwa kwa siku moja viongozi wa Wangoni zaidi ya 40. Kabla hawajanyongwa, Padri Johannes Häfliger aliwaendea gerezani, na wengi wao wakakubali ubatizo. Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye.

Tukio hilo nimelifikiria kwa muda mrefu na bado linanizidi nguvu. Simhukumu padri. Alifanya alichoamini kwamba ni cha mwisho na cha maana kuliko vyote, na siwezi kusema kwamba maji yale hayakuwa na neema. Ila natazama mpangilio wenyewe. Dhambi zilizotajwa gerezani, zilizooshwa, zilizoondolewa, ni za waliofungwa kamba. Dhambi za aliyeshika kamba hazikutajwa. Wafungwa wale walikuwa wadai, na waliondoka duniani wameandikwa kuwa wadeni. Hilo ndilo kosa linalotokea dini inapohubiri ondoleo la dhambi bila kuuliza nani anamdai nani.

Ilichukua miaka 117 mpaka mkuu wa dola ya Ujerumani asimame mahali hapo. Tarehe 1 Novemba 2023, katika Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa watu waliomsikiliza. Akaahidi kusaidia kutafuta fuvu la Songea Mbano, ambalo ukoo wake umekuwa ukililia. Niliposikia habari ile nilifurahi, na sioni aibu kwa furaha hiyo. Mtu alisimama akasema deni ni letu. Kwa kipimo cha Walawi, hata hivyo, kitu chenyewe bado hakijarudishwa, na sehemu ya tano haijazungumzwa.

Kuna jambo jingine kuhusu siku ile. Wazee wa Songea walisikiliza, na wana haki ya kuchukua muda wao kujibu. Msamaha ni mali ya aliyekosewa. Hakuna anayeweza kuutoa kwa niaba yake wala kumharakisha. Nalisema kwa uchungu kwa sababu naona tunavyowafanyia watu wetu wenyewe. Mwanamke aliyepigwa na mumewe anaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Kabla mwanamume hajafungua kinywa kukiri, mke anakumbushwa saba mara sabini. Anasema "nimesamehe" huku macho yako sakafuni, wazee wanaomba, chai inaletwa, wanarudi nyumba moja jioni ileile. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Pale msalaba umetumika kumziba mdai mdomo, na sidhani kuna namna mbaya zaidi ya kulitumia jina la Kristo.

Mzee wa jarife hakuzibwa mdomo. Aliulizwa, akasema, akasikiwa, na mtoto wa mdeni akakubali mbele ya watu wote kwamba deni ni kweli. Kusamehe kwake kulikuja baada ya hapo, naye ndiye aliyechagua.

Kila mwaka mwishoni mwa Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa wa Maji Maji. Wakristo huwaombea marehemu, na baadhi ya marehemu hao walibatizwa wakiwa na saa chache za kuishi. Ningependa makanisa yetu, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na sisi wengine, tuandike sala ya pili ya siku hiyo. Itaje kwamba Injili ilifika kwa watu hawa ikiwa imeandamana na wanyongaji, na kwamba sisi tuliorithi shule, hospitali na makanisa ya kazi ile tumerithi pia upande wetu wa deni. Itaje majina yote ya walionyongwa, moja moja, hata kama itachukua muda mrefu kuliko mahubiri. Isomwe Kivinje pia, chini ya Mwembe Kinyonga, na masheikh wa pale waalikwe, kwa kuwa wengi wa wadai ni wazee wao. Baada ya majina kusomwa, anayeongoza aulize kama yupo mwenye neno, na asubiri.